Nauli Ni Moja: Tunamkumbuka Veneranda Kalinga wa Ilula

Wasikilizaji wapendwa, kamwene. Kama una pa kukaa, kaa. Kama unaosha vyombo, endelea tu, ila punguza kelele za sufuria. Mimi ni Tusajigwe, niko hapa Mbeya, na hii ndiyo saa yetu ya Jumapili jioni ya kuwakumbuka watu wa kwetu waliotutoka.

Leo tunamkumbuka mama Veneranda Kalinga, wa Ilula, mkoani Iringa. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi. Veneranda Kalinga, wa Ilula. Ametutoka akiwa na miaka hamsini na mbili. Ameacha mume, baba Adrian, mkulima wa nyanya. Ameacha binti, Eveline. Na ameacha mdogo wake, Bertha, anayeuza mchele wa Rujewa pale sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mengi nitakayowaambia leo nimeyapata kwa Bertha, tukiwa tumekaa juu ya magunia yake ya mchele, yeye akifuta macho kwa mkono wenye vumbi la pumba.

Huenda jina la Veneranda hulijui. Lakini kama wewe ni mwanamke wa Kilolo au wa Iringa mjini, na umewahi kuvaa sare ya kitenge kwenye sherehe ya jumuiya, huenda umevaa nguo aliyoibeba yeye kichwani. Veneranda ndiye aliyekuwa anavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kununua sare za wanawake wa jumuiya yake. Alivuka miaka na miaka. Watu walimwita Mama Nakonde.

Tuanze mwanzo. Veneranda alizaliwa Ilula, akakulia Ilula, akaolewa hapohapo Ilula. Kazi yake ya kwanza ilikuwa barabarani, kuuza nyanya kwa abiria. Basi likipunguza mwendo tu, yeye yuko dirishani. Baba Adrian anacheka na kulia kwa pamoja anapokumbuka siku zile. "Mke wangu alikuwa na mdomo," anasema. "Abiria anataka nyanya mbili za kuonja. Anaondoka na kopo zima la sado na vitunguu juu. Na anashukuru."

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo jambo lilipoanzia.

Veneranda alipokuwa mke mgeni, jumuiya yao ya kanisani ilikuwa na sherehe ya somo wao, mtakatifu msimamizi. Mnazijua sherehe hizi. Misa, pilau, ngoma, halafu picha. Na mnayajua mambo yetu ya sare. Kitenge kimoja, ua moja, wanawake wote. Asiye na sare hafukuzwi, hapana, sisi si watu wabaya kiasi hicho. Anaangaliwa tu. Mwaka ule Veneranda hakuwa na sare. Alivaa gauni lake la harusi ya dada mmoja, gauni zuri, la bluu. Wakati wa picha mpiga picha alimwambia, "Mama, sogea kando kidogo, unaharibu rangi." Akasogea kando. Picha ikatoka, ikatundikwa nyumbani kwa katekista. Veneranda alionekana kiwiko tu.

Alimwambia Bertha mara nyingi, "Kile kiwiko kilinikaa rohoni." Aliapa kwamba jumuiya ile haitamwacha mwanamke mwingine nje ya picha kwa sababu ya kitenge. Wengine huapa kwa hasira, kesho yake wakasahau. Huyu hakusahau.

Siku moja akafuatana na wafanyabiashara hadi Tunduma, mpakani. Akavuka geti kwa miguu, akaingia Nakonde, akaona vitenge vimepangwa mpaka juu ya mapaa. Aliuliza bei, akauliza tena, hakuamini. Akarudi Ilula na robota kichwani. Wanawake walimpokea kwa vigelegele pale stendi. Kila mmoja alipata sare, hata wale wa hali ya chini, kwa sababu bei ilikuwa chini kuliko ya duka la mjini. Mwaka ule picha ilikuwa na wanawake wote. Veneranda alikaa katikati.

Basi, ikawa kazi yake. Sare ya somo, sare ya kipaimara, sare ya upadrisho, sare ya msiba. Wote wanatuma kwa Veneranda. Hakuna aliyemlipa kwa safari. Walimpa nauli, na shukrani nyingi.

Mimi si mtu wa kusema kuvuka mpaka ni ujinga. Kuna watu wamejenga kwa biashara ya Tunduma, na wamesomesha. Lakini sisi tunaokaa kwenye barabara hii kuu tuna ugonjwa wetu, tuukubali. Kitu kikitoka ng'ambo ya geti, tayari tumekipenda. Hatuulizi tena. Tunakumbuka bei ya kule, tunasahau njia.

Bertha aliuliza. Alimkalisha dada yake chini mara moja, akamwambia, "Dada, hebu weka nauli. Weka kitanda cha Tunduma. Weka chai. Weka mtu wa mkokoteni. Weka na hao wa kubadilisha kwacha wanavyokupunja. Si unaona imefika bei ya hapahapa Mwanjelwa?"

Veneranda alimjibu akicheka. "We Bertha, kule nanunua. Hapa nauziwa."

Ndivyo alivyokuwa. Kutafuta nafuu kulikuwa kumemwingia kwenye damu. Alikuwa na neno lake moja, na hili naomba mlishike, kwa sababu tutalirudia. Alikuwa anasema, "Nauli ni moja." Ukimtuma mchele wa Bertha, anakuletea na hachukui kitu, nauli ni moja. Ukimtuma amsalimie shangazi yako Uyole, anashuka, anamsalimia, nauli ni moja. Safari moja lazima ifanye kazi tatu. Kupanda basi kwa ajili ya jambo moja tu, kwake hilo lilikuwa kutupa pesa shimoni.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka juzi, akiwa anaoga, Veneranda alishika kitu kwenye titi lake la kushoto. Kidogo, kigumu, kama punje ya haragwe. Hakikuuma. Hakumwambia baba Adrian. Hakumwambia Eveline. Alimpigia Bertha. Bertha akamlazimisha aende kupima, akaenda zahanati. Wakampapasa, wakamwambia wazi, tena bila kuzungushana: mama, hiki kitu kinatakiwa kichukuliwe kinyama kikapimwe. Nenda Mbeya, hospitali kubwa. Nenda mapema. Kikiwahiwa, kinatibika.

Narudia. Aliambiwa, kikiwahiwa kinatibika.

Na Veneranda akasema nini? Mnajua. Akasema, mwezi ujao nakwenda Nakonde kuchukua sare, nitapita Mbeya. Nitapitia. Nauli ni moja.

Mwezi ukafika. Wakati wa kwenda hakushuka Mbeya, kwa sababu alikuwa na pesa za watu zimefungwa kwenye pindo la khanga kiunoni. Angelalaje nazo? Angevuliwaje nguo hospitalini, pesa aishike nani? Akasema nitashuka wakati wa kurudi. Wakati wa kurudi alikuwa na robota. Bertha alikwenda kumngoja stendi, akamkuta dirishani, hata kusimama hakusimama.

"Shuka," Bertha akamwambia. "Mzigo nipe mimi. Nitaupandisha kesho."

"Fundi anausubiri leo. Sherehe ni Jumamosi, mdogo wangu. Nikishuka mimi, kuna watu watavaa shimizi."

Wakacheka. Bertha anajilaumu kwa kile kicheko. Basi likaondoka, likapita Uyole, likashuka kuelekea Igurusi, na Veneranda akiwa amekaa amekumbatia robota lake.

Ilipita masika nzima. Kile kitu kikakua. Punje ya haragwe ikawa limau dogo. Bertha akawa anapiga simu kila siku, mpaka Veneranda akawa haipokei. Ilipofika safari nyingine, ya sare ya somo wa jumuiya, Bertha alikwenda mwenyewe kuomba siku ya kipimo. Akapewa siku. Akapanga kila kitu: dada akitoka Nakonde, alale kwangu, asubuhi saa mbili tuwe hospitali. Veneranda akakubali. Safari hii alikubali kwelikweli, na alishuka basi. Kwa mara ya kwanza tangu aambiwe akapime, alishuka Mbeya.

Jioni ile, nyumbani kwa Bertha, walikunywa uji wa ulezi. Halafu Veneranda akafungua robota juu ya kitanda ili ahakiki. Alikuwa na namna yake. Haandiki. Anachukua kitenge, anataja jina la mwenyewe, anakiweka. "Huyu mama Gideoni. Huyu mama mwenyekiti. Huyu bibi wa bondeni." Vilikuwa vitenge vizuri, Bertha anasema, vyenye ndege wekundu kwenye rangi ya maziwa. Jina kwa jina, kitenge kwa kitenge, mpaka robota likaisha.

Vitenge vikaisha, jina moja likabaki. Sabina.

Sabina ni nani? Sabina ni mke mgeni pale Ilula. Ametoka Mgololo, ameolewa juzijuzi, hajazoea watu, hajazoeleka. Ile ingekuwa sherehe yake ya kwanza. Muuza duka kule Nakonde alikunja kimoja pungufu, au Veneranda alihesabu vibaya akiwa na maumivu, nani ajuaye sasa. Kitenge cha Sabina hakikuwepo.

Veneranda alikaa kitandani. Bertha akaona uso wa dada yake umebadilika, akajua anafikiria kile kiwiko.

"Dada, kesho una kipimo," Bertha akasema.

"Najua."

"Atavaa nguo nyingine huyo. Hatakufa."

"Hujui unachosema, Bertha. Hujawahi kuambiwa sogea."

"Basi kesho tukitoka hospitali tutazunguka Mwanjelwa. Hivi vitenge si vipo tu?"

"Ua hili halijafika huku. Nimevitoa kwenye bando jipya, mimi mwenyewe nimeona wakilikata."

Wakalala. Asubuhi Bertha akatoka kwenda bombani, maana maji yalikuwa ya mgao. Aliporudi na ndoo, kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, robota limefungwa limewekwa pembeni, na dada yake hayupo. Alikuwa kwenye basi la Tunduma. Alikwenda kufuata kitenge kimoja. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, kwa kitenge kimoja. Yule mama wa nauli ni moja.

Bertha akapiga simu. Haikupatikana. Akaenda hospitali peke yake kuomba radhi, akapewa siku nyingine, ya mbali, maana wagonjwa ni wengi. Akiwa anarudi kazini kwake, amechoka, ana hasira, akakatisha katikati ya vibanda vya nguo pale Mwanjelwa. Akasimama.

Ndege wekundu. Rangi ya maziwa. Kitenge kilekile, wasikilizaji wapendwa. Kimetundikwa juu ya mlango wa kibanda, kinapepea. Bei, anasema Bertha, hata ukitaka kugombana na mtu kuhusu tofauti utaona aibu. Alikinunua akilia. Muuzaji akadhani amefiwa, akampunguzia.

Jioni Veneranda akarudi na kitenge chake cha Nakonde. Bertha akamwonyesha chake. Wakavilaza kitandani kimoja kando ya kingine. Baadaye Veneranda akasema, "Basi umepata sare na wewe," na akageukia ukutani.

Sherehe ilifana. Nimeiona picha. Wanawake wote wamo, na Sabina yumo, mstari wa mbele, anacheka mpaka fizi zinaonekana. Veneranda yuko nyuma yake. Mkono wa kushoto ameushikilia kama mtu mwenye baridi.

Ile siku nyingine ya hospitali ilipofika, Veneranda alikuwa na homa. Iliyofuata, nyanya zilikuwa zinaiva shambani. Halafu akasema ataunganisha na safari ya Krismasi. Nauli ni moja. Krismasi haikumkuta na nguvu za kusafiri. Kidonda kilikuwa kimefunguka. Baba Adrian alikijua kwa harufu, na hili ameniruhusu niliseme, maana anataka wanaume wenzake walisikie. Alikodi gari, kwa bei ambayo nyanya za msimu mzima hazikuitosha, akampeleka Mbeya. Gari halikwenda kwa jambo jingine lolote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Veneranda alisafiri kwa jambo lake mwenyewe tu.

Walimpokea vizuri. Walimpima. Wakamwita Bertha pembeni wakamwambia kimeshafika kwenye ini na kwenye mifupa. Wakampa dawa za maumivu.

Siku zile za mwisho Bertha alikuwa anamkanda miguu. Na hapo Veneranda akamwambia jambo ambalo Bertha alifikiria sana kabla ya kunipa ruhusa nililete hewani. Alimwambia, "Asubuhi ile nilipopanda basi la Tunduma, nilifurahi. Unanisikia? Nilifurahi kwamba kitenge kimepungua. Nilikuwa naogopa ile sindano. Naogopa jibu. Niliona Mungu amenipa sababu ya kupita."

Bertha akamuuliza, "Na safari zote zile?"

"Sijui, mdogo wangu. Nyingine zilikuwa za sare kweli."

Alirudishwa Ilula. Akafa nyumbani kwake, mchana, mabasi yakipita barabarani na wenzake wakikimbilia madirishani na sado zao. Eveline alikuwa amemshika mkono. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliomba maji, akapewa, akanywa kidogo.

Sasa niwaambie ya mazishi, halafu niwaache.

Wanawake wa jumuiya walikutana haraka. Msiba unataka sare, na aliyekuwa akifuata sare ndiye aliyelala ndani. Hakukuwa na wa kumtuma Nakonde, na hakukuwa na muda. Wakatembea mpaka duka lililo karibu na stendi, hapohapo Ilula, wakachukua kitenge cha kijivu chenye maua meusi. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Hakuna aliyelalamikia bei. Lakini dukani havikutosha. Kilipungua kimoja.

Aliyekosa ni Sabina. Alisema yeye mwenyewe, msimpe shida mtu, mimi ninayo nguo. Akaja makaburini amevaa ndege wekundu. Kile kitenge kilichofuatwa Nakonde kwa nauli mbili. Alisimama karibu kabisa na jeneza, analia kwa sauti kuliko hata ndugu, maana alikuwa ameshaambiwa kilivyopatikana.

Wakati wa picha ya mwisho, wanajumuiya na mwenzao, wakajipanga. Mpiga picha alikuwa kijana wa siku hizi, hajui lolote. Akaangalia, akashusha kamera, akasema kwa adabu, "Dada mwenye nyekundu, sogea kando kidogo."

Bertha alisikia. Baba Adrian alikuwa ameinamisha kichwa. Wanawake wengine waliangalia chini. Na Sabina akasogea.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yenu natoa pole kwa baba Adrian na Eveline. Natoa pole kwa Bertha, ambaye kile kitenge cha Mwanjelwa bado anacho kabatini. Anasema hawezi kukikata na hawezi kukigawa. Natoa pole kwa Sabina. Natoa pole kwa jumuiya nzima ya Ilula. Mungu ampokee Veneranda, amwekee nafasi katikati.

Mnaniuliza, je, kuvuka kule kulikuwa na faida? Nilimuuliza baba Adrian swali hilohilo. Akasema, "Sare zilikuwa nafuu." Basi.

Wewe unayesafiri kesho, ukipita hospitali uliyoambiwa ufike, shuka. Shuka na mzigo wako, shuka na pesa za watu kiunoni. Hata nauli ikipotea, ipotee. Nawaomba mlifikirie hili usiku wa leo, kila mtu na kile anachosema atakipitia akirudi.

Nawaomba tu, sina uhakika kama tutabadilika. Wiki hii Bertha alipigiwa simu kutoka Ilula. Arobaini ya dada yake inakaribia na sare inatakiwa. Mama mmoja wa jumuiya alikuwa anamwambia kwa upole, kama hataona vibaya, kwamba labda safari hii aende yeye Nakonde. Kwa kuwa yeye yuko Mbeya tayari, nauli yake ni nusu.